Kigeli V Ndahindurwa: mwami aliyefungiwa mlango wa nchi yake

Kila ninapozungumza na wanafunzi kuhusu mwami, yaani mfalme, wa mwisho wa Rwanda, hakosekani wa kuuliza, "Si ndiye yule aliyekimbia?" Neno hilo hunichoma. Kigeli V Ndahindurwa alitoka kwa safari, akafungiwa mlango nyuma.

Tuanzie kaburini, maana ndiko ufalme wake ulikozaliwa. Tarehe 25 Julai 1959, kaka yake wa baba mmoja, Mutara III Rudahigwa, alifariki ghafla Bujumbura, wakati huo ikiitwa Usumbura, muda mfupi baada ya kudungwa sindano na daktari. Siku tatu baadaye umati ulifurika kilima cha Mwima, Nyanza, gavana wa Kibelgiji Jean-Paul Harroy akiwemo, maana Ubelgiji ndiyo iliyotawala Rwanda wakati huo. Jeneza halijashushwa, watu wakagoma: mwami hazikwi mrithi hajatajwa. Mutara hakuacha mtoto. Ndipo abiru, watunza siri za ufalme, walipomtaja kijana wa miaka 23, na Wabelgiji hawakuwa wameulizwa.

Hata jina halikuokotwa tu. Wafalme wa Rwanda walipokezana majina kwa zamu, na baada ya Mutara ilikuwa zamu ya Kigeli, jina la wafalme wa vita. Kijana huyu alilibeba hali silaha zote zi mikononi mwa Wabelgiji.

Uhamisho ulikuwa umemlea. Alizaliwa Kamembe mwaka 1936 kwa sababu baba yake, Yuhi V Musinga, aling'olewa na Wabelgiji mwaka 1931 akapelekwa huko. Mwaka 1940 wakamsogeza mbali zaidi, Moba, mwambao wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na mtoto akaenda naye. Musinga alifia hukohuko mwaka 1944.

Kigeli aliapishwa Oktoba 1959. Mwezi uliofuata nchi iliwaka: nyumba zilichomwa, na Watutsi wengi, jamii aliyotoka mwami, wakavuka kuingia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Tusifiche upande wa pili. Wahutu, waliokuwa wengi nchini, walikuwa na malalamiko ya kweli juu ya ardhi, elimu na madaraka. Waliyaandika wazi mwaka 1957, yakapuuzwa. Mwami mpya alirithi deni hilo, na muda wa kulilipa hakupewa.

Mwaka 1960 alikwenda Kongo kuonana na Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kuitafutia nchi yake msaada. Wabelgiji wakamkataza kurudi. Tarehe 28 Januari 1961 ufalme ulifutwa huko Gitarama, mwenyewe hayupo, na kura ya maoni ya Septemba ikaukataa kwa takriban asilimia 80.

Akaishi Tanganyika, Uganda na Kenya, kisha mwaka 1992 akapata hifadhi Marekani. Alizeekea Virginia kwa maisha ya kawaida kabisa, akitegemea misaada. Hakuoa; alishika mila kwamba mwami haoi akiwa nje ya nchi yake.

Alifariki tarehe 16 Oktoba 2016, akiwa na miaka 80. Ndugu walivutana mahakamani juu ya mahali pa kumzika, hadi mwili ukasafirishwa kwenda Kigali. Tarehe 15 Januari 2017 alizikwa Mwima, kando ya Mutara, kwenye kilima kilekile alikotajwa kuwa mfalme. Yupo pale pia Rosalie Gicanda, mjane wa Mutara, aliyeuawa Butare Aprili 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.