Mguu ulio hatarini: maana yake na namna ya kukata kucha bila kuumiza

Mhudumu wa afya akisema mtu ana mguu ulio hatarini, hamaanishi kwamba mguu huo una kidonda. Mara nyingi hauna hata mkwaruzo. Anachomaanisha ni kwamba jeraha dogo likitokea leo, mwenye mguu hatalihisi, au damu inayofika pale haitatosha kuliponya, au yote mawili kwa pamoja. Mkato wa mkasi ambao kwa kijana mwenye afya ungekauka ndani ya siku chache, kwa mtu huyu unaweza kugeuka kidonda cha miezi, na baadhi ya vidonda hivyo huishia kwa kukatwa kidole au mguu mzima.

Kwa hiyo kumkata kucha mama mwenye kisukari, au babu aliyepata kiharusi, ni sehemu ya matibabu yake. Kwa bahati mbaya kazi hii huachiwa yeyote aliye karibu, ikafanywa harakaharaka jioni kwenye mwanga hafifu, kwa wembe uliopatikana popote. Wanaofanya hivyo hufanya kwa upendo, na ndiyo maana matokeo yake yanauma sana.

Maumivu yanapotoweka

Neva, yaani mishipa ya fahamu, zilizo ndefu kuliko zote mwilini ndizo zinazofika kwenye vidole vya miguu, na sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huanza kuziharibu kutokea huko kwenye ncha. Wengine huhisi ganzi, kuwaka moto au kuchomwachomwa, hasa usiku. Wengine hawahisi chochote na hawajui kwamba hawahisi. Hao wa pili ndio wa kuhofiwa zaidi, kwa sababu hawaji kulalamika. Mtu anaweza kutembea kutwa na kokoto ndani ya kiatu, akavua soksi usiku na kukuta damu.

Somo hili lilipatikana kwa watu wenye ukoma. Daktari mpasuaji Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, alionyesha kwamba vidole vya wagonjwa wake havikuwa vikioza kwa ukoma wenyewe, kama ilivyoaminika. Vilikuwa vikiharibiwa na majeraha ya kila siku ambayo hawakuyahisi: moto wa jiko, msumari, kiatu kinachobana. Baadaye Brand alihamia kituo cha Carville, Louisiana, Marekani, na maarifa yale yale yakatumika kuokoa miguu ya watu wenye kisukari. Msingi wake ni huu: maumivu yakiondoka, macho lazima yashike kazi yake, kila siku.

Kipimo cha kitaalamu ni uzi wa nailoni unaobonyezwa unyayoni mpaka upinde. Uzi huo hupinda kwa nguvu ya gramu 10, na asiyeuhisi amekwisha kupoteza hisia ya kumlinda. Nyumbani ipo njia isiyohitaji kifaa, iliyobuniwa Ipswich, Uingereza. Mgonjwa afumbe macho. Mguse kwa wepesi kabisa, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho, mguu mmoja kisha mwingine. Usibonyeze wala usipapase. Akikosa kuhisi mguso kwenye vidole 2 au zaidi kati ya hivyo 6, mpeleke akapimwe.

Upande wa damu una dalili zake. Ateri za miguu, yaani mishipa inayopeleka damu huko, zikipungua upana, mtu huumwa shavu la mguu anapotembea na kupata nafuu akisimama. Miguu huwa ya baridi, ngozi hung'aa na kupoteza vinyweleo, kucha hukua kwa kusuasua. Mhudumu hutafuta mapigo sehemu mbili: juu ya mguu, na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Akiwa na shaka hupima shinikizo la damu kifundoni na kuligawanya kwa lile la mkononi, na jibu likiwa chini ya 0.9 ujue njia ya damu imebanwa. Uvutaji wa sigara huharakisha hali hii kuliko karibu kitu kingine chochote.

Kisukari si peke yake. Figo zilizoshindwa kazi, hasa kwa anayesafishwa damu kwa mashine, huuweka mguu pabaya sana. Baridi yabisi hupindisha vidole vikasuguana na kiatu. Dawa za saratani na steroidi hupunguza kinga, na dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, hufanya mkato mdogo uvuje kwa muda mrefu. Uzee nao, bila ugonjwa wowote, hupunguza mafuta yaliyotandikwa chini ya unyayo, hukausha ngozi, hufifisha macho na kukaza kiuno. Mzee asiyeweza kuviona wala kuvifikia vidole vyake anahitaji msaada, na wengi hawausemi kwa sababu ya haya. Muulize wewe, kwa faragha, usisubiri aseme.

Kucha zenyewe

Ukucha wa mguu hukua takriban milimita 1 hadi 1.5 kwa mwezi, polepole kuliko wa mkono. Ule wa kidole gumba huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kujibadilisha wote. Ndiyo maana ukucha ulioharibiwa kwa mkasi hubaki na kasoro muda mrefu, na ndiyo maana anayetibiwa fangasi wa kucha hukata tamaa mapema akidhani dawa haifanyi kazi.

Wakati mzuri wa kukata ni baada ya kuoga, kucha zikiwa laini. Kausha kwanza, na hasa katikati ya vidole. Kaa penye mwanga wa kutosha na vaa miwani kama unaitumia. Kata moja kwa moja kufuata ncha ya kidole, kidogokidogo, usijaribu kuuondoa ukucha wote kwa mkato mmoja. Acha ukingo mweupe wa milimita 1 au 2. Pembe zisichimbwe, zilainishe kwa tupa ya kucha ili zisikwaruze kidole cha jirani. Kuchimba pembe ndiko kunakoacha kipande chenye ncha kali kinachokua kuelekea kwenye nyama, na hapo ndipo ukucha wa kuota ndani unapoanza. Wapo pia wanaoamini kwamba kukata alama ya V katikati ya ukucha kutauvuta utoke kwenye nyama. Hakuvuti kitu, kwa sababu ukucha hukua kutoka kwenye shina lake na hausikii kilichokatwa kwenye ncha.

Kuna kucha ambazo hupaswi kuzigusa hata kama una mkono mwepesi: zilizonenepa na kupinda, zilizoingia kwenye nyama, zenye usaha, na za mtu ambaye hana hisia au damu yake miguuni ni haba. Hizo ni za muuguzi au mtaalamu wa miguu. Kati ya ziara moja na nyingine, kuzipitishia tupa kidogo kila wiki kunatosha na ni salama zaidi kuliko mkasi.

Sugu za unyayoni nazo zinahitaji tahadhari kuliko watu wanavyodhani. Sugu huota mahali panapobeba uzito kupita kiasi, na ikishakuwa nene yenyewe huongeza shinikizo kwenye nyama iliyo chini yake. Kwa mtu asiyehisi, kidonda huweza kuchimbika pale chini bila kuonekana. Ukiona doa jeusi au la damu ndani ya sugu, hiyo ni ishara ya kidonda. Usichonge sugu kwa wembe. Usibandike plasta za kuondoa sugu zenye asidi ya salisiliki, kwa sababu asidi haichagui ngozi iliyokufa na iliyo hai. Mwenye hisia na damu nzuri anaweza kusugua taratibu kwa jiwe la miguu. Wengine waachie wataalamu. Magaga ya kisigino hutulizwa kwa mafuta ya kupaka kila siku, hasa yenye urea, ila usipake katikati ya vidole, kwani unyevu hukaribisha fangasi.

Kuloweka miguu kwa muda mrefu, ambako wengi hukuona ni starehe ya mzee, sikushauri. Ngozi huvimba maji, ikikauka hupasuka, na maji ya moto yameshaunguza watu wengi wasiohisi. Maji yasizidi nyuzi joto 37, na anayeyapima awe mtu mwenye hisia timamu, kwa kiwiko au kipimajoto. Mguu wa mgonjwa usitumike kupima. Chupa ya maji moto kitandani nayo iachwe, avae soksi.

Ukienda saluni

Mwaka 2000, zaidi ya wateja 100 wa saluni moja ya kucha huko California walipata majipu miguuni yaliyodumu miezi. Chanzo kilikuwa bakteria anayeitwa Mycobacterium fortuitum, aliyejificha nyuma ya vichujio vya mabeseni ya kuoshea miguu, palipojaa nywele na mabaki ya ngozi. Walionyoa miguu kabla ya kwenda walikuwa hatarini zaidi, kwa kuwa wembe huacha michubuko isiyoonekana. Hao wengi walikuwa watu wenye afya. Fikiria mtu ambaye kinga yake iko chini.

Kufuta vifaa kwa spiriti si kuua vijidudu vyote. Vifaa vya chuma husafishwa kikamilifu kwa mashine ya mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, na kabla ya hapo viwe vimesuguliwa uchafu wote. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7, kwa hiyo mkasi uliokauka tangu juzi si mkasi salama. Tupa za karatasi na mbao haziwezi kusafishwa namna hiyo. Zitumike kwa mtu mmoja tu. Nenda na vifaa vyako, na useme tangu mwanzo: nina kisukari, usikate ngozi ya kuzunguka ukucha, usitumie wembe, usichimbe pembe. Mhudumu akikasirika, ondoka.

Macho ya kila siku

Ukaguzi hauchukui hata dakika tano. Tazama juu, chini na katikati ya vidole; unyayo utazamwe kwa kioo kilichowekwa sakafuni au kwa macho ya mtu mwingine. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Tafuta badala yake sehemu iliyo nyeusi zaidi ya jirani yake, inayong'aa, iliyovimba, au yenye joto ukiigusa kwa mgongo wa mkono. Ingiza mkono ndani ya viatu kabla ya kuvaa. Asitembee peku, hata ndani. Kiatu kipya kinunuliwe alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, na kiache nafasi ya kama sentimita 1 mbele ya kidole kirefu.

Mstari mweusi mpya chini ya ukucha, unaopanuka au kuingia kwenye ngozi ya pembeni, usiuite jeraha la zamani bila kupimwa. Saratani iliyomuua Bob Marley mwaka 1981 ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, na mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira.

Mwenye kisukari apimwe miguu na mtaalamu angalau mara moja kwa mwaka. Aliyekwisha kupoteza hisia, au ambaye damu yake miguuni ni haba, kila miezi 6 hadi 12. Aliyewahi kupata kidonda, kila mwezi 1 hadi 3, kwa sababu vidonda hupenda kurudi.

Yapo mambo yasiyosubiri miadi. Usaha, harufu, ngozi kugeuka nyeusi, wekundu au uvimbe unaopanda, homa, au kidole cha baridi kilichobadilika rangi ghafla: hospitali siku hiyo hiyo. Na mguu wa mwenye kisukari ukivimba na kuwa wa moto kuliko mwenzake bila kidonda wala maumivu ya maana, mifupa yake inaweza kuwa inavunjika na kuporomoka ndani kwa ndani. Asiukanyage tena mpaka daktari auone.