Jamani, altimita haijaharibika

Juzi fundi wetu kanipigia simu, hata salamu hakumaliza, "Mwalimu, vijana wako wameniandikia tena." Nikajua ni wanafunzi wangu wa urubani. Kwenye kitabu cha kasoro kuna mtu kaandika altimita, kile kipimo cha kimo cha ndege, inasoma chini kwa futi 350, na ushahidi wake ni GPS ya mkononi iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Fundi kaifungua altimita, kaipima, nzima kabisa, kairudisha. Ndege imelala siku mbili, mwenye ndege amenuna. Hii ni mara ya tatu tangu Septemba na sio bahati mbaya, ni joto la Dodoma la miezi hii. Sasa nimeamua niandike mara moja, nikiulizwa tena niwe natuma linki tu.

Imani yenyewe iko hivi: GPS inaongea na setelaiti, altimita ni vikopo vya bati vya enzi za babu, zikipishana basi vikopo ndivyo vibovu. Kinachonikera ni kwamba nusu ya maneno hayo ni kweli. Ule mchana wa kijana wetu, GPS inawezekana kabisa ilikuwa karibu zaidi na urefu halisi kutoka usawa wa bahari. Na bado altimita ilikuwa sahihi. Hapo ndipo watu wanaponitolea macho.

Altimita haipimi urefu, inapima presha ya hewa halafu inakutafsiria kwa futi, na tafsiri hiyo imejengwa juu ya hewa ya kwenye kitabu: nyuzi 15 usawa wa bahari, ikipungua karibu nyuzi 2 kila futi 1,000. Kwa hesabu hiyo futi 9,500 kunatakiwa kuwe na nyuzi 4 chini ya sifuri. Hebu panda juu ya Dodoma mwezi wa kumi usome kipimajoto cha nje, utakuta 10, 11, hapo umezidi kitabu kwa nyuzi 15. Hewa ya moto imeumuka kama unga wa maandazi, kwa hiyo ili presha ishuke kiasi kile kile inabidi upande zaidi, na altimita haijui habari za maandazi, yenyewe inahesabu presha tu. Kanuni ya mkononi ni futi 4 kwa kila futi 1,000 kwa kila nyuzi iliyozidi, na zile futi 1,000 unaanza kuzihesabu kutoka uwanja uliokupa QNH (presha ya pale iliyopigiwa hesabu ya usawa wa bahari, ndiyo unayoiweka kwenye altimita), sio kutoka baharini. Uwanja wetu uko futi 3,670 hivi. Toa kwenye 9,500, zinabaki kama 5,800, yaani elfu 5.8. Mara 15, mara 4. Inakuja 348. Kijana kaandika 350! Yaani kapima joto la anga kwa ustadi mkubwa halafu kalisajili kama ubovu wa kifaa.

Angejisumbua kuzilinganisha akiwa bado uwanjani kabla hajaruka angeona. Ndege imesimama, umeweka QNH uliyopewa na mnara, altimita inasema 3,670 na GPS iko hapo hapo au jirani. Unapanda, zinaanza kuachana, kila futi 1,000 zinaongeza 60 hivi. Altimita inayokosea ndege ikiwa bado imesimama uwanjani, hiyo niandikie. Inayoachana na GPS kidogo kidogo unavyopanda kwenye joto, niachie mimi na fundi tulale.

Namba ya GPS nayo sio msahafu. Setelaiti zote ziko juu yako, karibu kilomita 20,200, hakuna hata moja iliyo chini ya miguu, ndio maana upande wa kimo inayumba kuliko upande wa ramani. Tena inachokokotoa kwanza ni urefu kutoka kwenye umbo la dunia lililonyooshwa kihesabu, halafu inatoa tofauti ya usawa wa bahari kwa jedwali lililomo ndani yake, na kuna sehemu, mfano kusini mwa India, tofauti hiyo inakaribia mita 100. Na kuna vifaa vya mkononi vina kipimo cha presha ndani, kwa hiyo unachosoma ni altimita nyingine iliyovaa nguo za GPS. Ndiyo, wewe abiria uliyenionyesha simu inayosema mlikuwa futi 6,000 wakati rubani katangaza 17,000, simu yako ilikuwa inapima hewa ya ndani ya kabini. Hakukudanganya mtu.

Haya, kwa nini sasa nisiifuate GPS kama ndiyo iko karibu na ukweli? Kwa sababu angani hauko peke yako, na wenzako wote wanaruka na kosa moja. Kwenye hewa ile ya moto altimita zote zinakosea pamoja, upande mmoja, kwa kiasi karibu kile kile, kwa hiyo nafasi kati yenu inabaki. Wewe unatoka Dodoma kuelekea Dar kwa VFR, yaani unaruka kwa kuona kwa macho, umeambiwa 9,500, unaamua kuwa mjanja unashikilia 9,500 ya GPS. Altimita yako hapo inasoma 9,150. Nyuma yako anakuja mwenye IFR, anayeruka kwa kufuata vipimo, na ndege yenye mwendo, yuko 9,000 kwa altimita kama alivyoagizwa. Zile futi 500 mlizowekewa zimebaki 150, na wewe umekaa hapo unajisifu una namba ya kweli. Transponda yako, kile kifaa kinachoijibu rada, nayo inatuma kimo cha presha, haina habari na kidude cha kwenye kioo, kwa hiyo kontrola, yule mwongoza ndege, akikuuliza mbona uko chini usianze kumfundisha setelaiti.

Sasa niseme jambo ambalo darasani huwa nalimung'unya. Nikivuka milima ya Mpwapwa na Ukaguru mawingu yakiwa yameshuka, jicho langu linakwenda kwenye kimo cha GPS. Linakwenda, siwezi kukataa. Vitabu vinasema usikitumie na mimi nawafundisha hivyo hivyo, lakini mlima haujui QNH. Kwa bahati nzuri kosa la joto huku kwetu ni la upande mzuri, uko juu kuliko unavyosoma. Kanada wakati wa baridi ni kinyume, altimita inakuambia uko juu kumbe unalamba theluji, wenzetu wana majedwali ya kusahihisha. Sisi hatuna shida hiyo, na nahofu ndio maana tunazoea uzembe.

Halafu kuna anayeangalia GPS kabla ya kuruka saa nane mchana, inasema 3,670, anaridhika. Kwa nyuzi 32 hewa inakuwa nyepesi, injini yako inahisi kama iko futi 6,500. Hilo halimo kwenye GPS. Fungua jedwali la uwezo wa ndege.

Niitendee haki GPS lakini. Kuna siku ndege yetu ilioshwa, mnajua vumbi la hapa, na kitundu cha statiki, kinachopeleka presha ya hewa ya nje kwenye vipimo, kikazibwa na plasta maji yasiingie. Mimi ndiye niliyezunguka ndege asubuhi na sikuiona plasta, ilikuwa nyeupe juu ya rangi nyeupe. Nimeruka, altimita imeganda 3,680, saa ya kasi ya kupanda na kushuka iko sifuri, spidi inapungua kadiri ninavyopanda. GPS inasema 4,300 na inaendelea. Nilifungua statiki ya akiba, sindano zikaamka, nikazunguka nikatua. Kile kidude ndicho kilichonihakikishia haraka kwamba napanda kweli na tatizo liko kwenye kitundu. Siku hiyo kasoro niliiandika mimi mwenyewe, na fundi hajaacha kunikumbusha rangi ya ile plasta. Sasa hivi ananunua nyekundu.

Kwa hiyo vijana, kabla hamjashika kalamu kuandika altimita mbovu, pembeni yake naomba namba tatu: QNH, altimita ilisoma ngapi mkiwa bado chini, na joto la nje kule juu. Bila hizo ukurasa nauchana.