Je, wajua kwa nini kompyuta hukana draiva ya data (programu ndogo inayoiwezesha programu nyingine kusoma data) uliyoisakinisha mwenyewe?

Duka la dawa lina programu ya zamani ya mauzo iliyoandikwa kwa Visual Basic 6. Data zake zote zimo kwenye faili moja la Access (programu ya Microsoft ya kuhifadhi data), jina lake linaishia na .mdb. Miaka nenda miaka rudi imefanya kazi kwenye Windows XP. Kompyuta inachoka, inanunuliwa nyingine ya mezani, ya mtumba lakini nzima, yenye Windows 10. Fundi anahamisha programu, anapakua draiva ya Access kutoka Microsoft, anaisakinisha, anaunda muunganisho unaoielekeza programu kwenye faili la data, na jina lake linaonekana kwenye orodha. Akifungua programu, inagoma. Mara nyingine msimbo ni IM002, "Data source name not found and no default driver specified", yaani chanzo cha data hakionekani na draiva haikutajwa. Mara nyingine ni IM014, unaosema draiva na programu haziendani kimuundo. Anarudi kutazama: jina lipo na draiva ipo.

Hapo ndipo mwenye duka huambiwa programu imekufa, au mbaya zaidi, kwamba rekodi zake zimepotea. Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu makosa haya mawili hutokea kabla faili la data halijafunguliwa. Hakuna kilichoguswa. Nakili lile faili la .mdb kwenye flashi kwa usalama, kisha tulia utafute chanzo.

Chanzo ni kwamba ndani ya Windows ya biti 64, kama ya kompyuta hiyo (biti hapa ni urefu wa anwani za kumbukumbu), mna mazingira mawili yanayoishi pamoja bila kuchanganyika: moja la programu za biti 64, jingine la programu za biti 32. Hili la pili huitwa WOW64, na liliwekwa ili programu za zamani ziendelee kuishi. Kila upande una draiva zake za ODBC, mfumo wa Windows wa kuunganisha programu na data, na hata kwenye rejista ya Windows, yaani daftari lake la mipangilio, kila upande una sehemu yake: draiva za biti 64 huandikwa chini ya SOFTWARE\ODBC, na za biti 32 chini ya SOFTWARE\WOW6432Node\ODBC. Ni kama ghala lenye watunza stoo wawili, kila mmoja na daftari lake. Ukimuuliza huyu kuhusu mzigo ulioandikwa kwa mwenzake, atakujibu haupo, na kwa daftari lake atakuwa amesema kweli.

Kwa nini Windows isiazime tu draiva ya upande wa pili? Kwa sababu draiva ya ODBC haikai pembeni ikisubiri kuitwa. Ni faili la DLL linaloingizwa ndani ya kumbukumbu ya programu yenyewe na kuwa sehemu yake. Programu ya biti 32 hutumia anwani za kumbukumbu za biti 32, ambazo mwisho wake ni GB 4. Draiva ya biti 64 imejengwa kwa anwani ndefu zaidi. Haziwezi kukaa ndani ya mchakato mmoja, na Windows hairuhusu hata kujaribu.

Sasa tazama kosa la yule fundi. Aliona kompyuta ni ya biti 64, akachukua draiva ya biti 64. Ni uamuzi unaoingia akilini kabisa, lakini kinachoamua ni programu, si kompyuta. Visual Basic 6 ilitoka mwaka 1998 na hutengeneza programu za biti 32 tu. Hata ukiiweka kwenye mashine ya leo, bado itatafuta draiva ya biti 32.

Kuna mtego mwingine uliowapotosha hata mafundi wazoefu. Chombo cha kupangia miunganisho kinaitwa odbcad32.exe, na kimo ndani ya C:\Windows\System32. Ukiona hiyo 32 utadhani ndicho cha biti 32. Sivyo. Folda ya System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64, na ya biti 32 yamo kwenye SysWOW64. Microsoft iliacha jina la System32 kama lilivyo kwa sababu programu chungu nzima zilikuwa zimeandikwa zikitaja folda hiyo kwa jina. Hivyo kuna odbcad32.exe mbili, jina moja, folda mbili. Kwenye Windows 7, ukipitia Control Panel ulifunguliwa ile ya biti 64 bila kuambiwa. Kuanzia Windows 8 zikawekwa zote mbili kwenye menyu, kila moja na lebo yake, na hilo limeokoa watu wengi.

Zifungue zote mbili uzipange upande kwa upande, uangalie ukurasa wa Drivers. Kwenye Windows ambayo haijaongezewa kitu, ile ya biti 64 ina mstari mmoja tu: SQL Server. Ile ya biti 32 imejaa: draiva za Access, Excel, dBase, Paradox na mafaili ya maandishi, nyingine zikiwa na majina ya Kireno na Kijerumani, kama "Driver do Microsoft Access" na "Microsoft Access-Treiber". Usishtuke ukayaona, si virusi, huja na Windows. Maana yake ni kwamba draiva ambayo programu ya duka la dawa iliihitaji ilikuwamo ndani ya kompyuta tangu mwanzo. Hakukuwa na haja ya kupakua chochote. Kilichotakiwa ni kufungua C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe na kuunda muunganisho huko, kwa jina lilelile ambalo programu inalitafuta, herufi kwa herufi.

Kama hujui programu yako ni ya biti ngapi, iache wazi hata kama inaonyesha kosa, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Windows 10, Task Manager huandika 32 bit kando ya jina la programu ya aina hiyo. Windows 7 huandika *32. Anza na hatua hii kabla ya kusakinisha chochote.

Tatizo hilihili huja pia kwa mlango wa nyuma. Ofisi inasakinisha Excel mpya, na tangu Office 2019 toleo linalosakinishwa usipochagua ni la biti 64. Excel hiyo ikijaribu kuvuta data kwenye ule muunganisho wa zamani, inagonga ukuta. Draiva ya zamani ya Access, iitwayo Jet 4.0, haikuwahi kutolewa kwa biti 64. Mrithi wake, ACE, ina matoleo yote mawili tangu 2010, ila kisakinishi chake hukataa kuwekwa ikiwa Office iliyopo ni ya biti tofauti. Kwa maoni yangu, ofisi inayotegemea programu ya zamani isakinishe Office ya biti 32, isipokuwa kama ina mafaili mazito ya Excel. Utaepuka usumbufu mwingi.

Si kila kosa ni la biti, na ni haki kulisema. Oktoba 2017, masasisho ya Windows yaliharibu jinsi Jet inavyosoma mafaili ya Excel ya .xls. Watu ambao hawakugusa kitu waliamka na ujumbe "Unexpected error from external database driver (1)". Waliobadilisha programu zao zikatumia ACE walipona mara moja. Wengine walingoja marekebisho ya mwezi uliofuata. Januari 2019 sasisho jingine likazuia mafaili ya muundo wa Access 97 yaliyokuwa na majina marefu ya safu. Kwa hiyo muunganisho uliokuwa mzima jana ukikatika leo, angalia kwanza orodha ya masasisho yaliyoingia usiku.

Na kama kanzidata iko kwenye seva, umri wa draiva nao una uzito. Draiva ya zamani iitwayo SQL Server kwenye Windows 7 hulinda mawasiliano kwa TLS 1.0, njia ya zamani ya kuyasimba kwa siri. Msimamizi wa seva akizima TLS 1.0, kama inavyopaswa kiusalama, kompyuta hiyo itapata ujumbe wenye maneno "SSL Security error", na utapoteza siku nzima ukibadilisha nywila bure. Dawa ni draiva mpya, mfano ODBC Driver 17 for SQL Server. Kisakinishi chake cha biti 64 huweka draiva za pande zote mbili kwa mkupuo. Muunganisho wa zamani hautahamia kwenye draiva hiyo wenyewe: ufute, uunde upya kwa jina lilelile ukichagua draiva mpya, na kama programu yako ni ya biti 32, fanya hivyo kwenye dirisha la SysWOW64.