Umenunua Toyota 86? Soma hii kabla hujagusa ekzosi

Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ si magari mengi hapa Malindi, lakini kila anayeniletea moja huja na maswali yale yale: gari hili lina kasoro gani, na nianze kubadilisha nini? Swali la kwanza huwa limejaa hofu. Mtu ametoka kuendesha Vitz au Premio, gari tulivu linaloitikia polepole. Sasa amekaa chini karibu na lami, kiti kimembana, anasikia sauti asizozijua, na pesa zake nyingi zimeshakwenda kwa ushuru. Nayapenda magari haya, na linaloniuma ni kuona mtu anamaliza akiba yake kutibu kisichoumwa huku kilichochakaa kikisahaulika.

Nianze na sauti. Ukiliwasha asubuhi, revu zinapanda na injini inanguruma kidogo kabla haijatulia. Hiyo ni kompyuta ya injini inapasha moto katalitiki, kile kisafishaji cha moshi kwenye ekzosi, usilikanyage, liache litulie lenyewe. Fungua boneti utasikia mlio kama wa nyenje. Ni pampu ya petroli ya presha ya juu. Injini hii ya FA20 ina nozeli mbili kwa kila silinda, moja inanyunyiza kwenye njia ya hewa na nyingine ndani ya silinda kwenyewe, na hiyo ya ndani ndiyo inayohitaji pampu ile. Mlio huo peke yake si ugonjwa.

Gia ya pili kugoma asubuhi pia ni tabia ya giaboksi hii oili ikiwa baridi. Usiisukume kwa nguvu. Endesha taratibu mpaka ipate joto, na kama hujui oili ya giaboksi ilimwagwa lini mara ya mwisho, badilisha ya giaboksi na ya difu, gia za ekseli ya nyuma, kwa pamoja. Ila ukisikia mlio unaotoka mguu ukiwa nje ya klachi na kupotea ukiigusa, hapo kuna beringi inayochakaa na fundi aisikilize.

Sasa tuje kwenye jambo linalowatesa wengi. Toka Gede kuelekea Malindi, barabara ikiwa wazi, tia gia ya tatu kwenye mizunguko 3,000 na ukanyage. Gari linavuta vizuri, kisha karibu na 3,500 linalegea, unahisi kama kuna mtu amelishika kwa nyuma. Ukipita 4,500 linaamka tena na kupanda kwa furaha mpaka 7,000. Watu wameuziwa plagi, koili na hata pampu ya petroli kwa sababu ya shimo hilo la nguvu, na shimo likabaki pale pale, maana gari lilitoka nalo kiwandani. Hii ni injini ya lita 2.0 isiyo na tabo, yenye nguvu farasi 200 kwenye mizunguko 7,000, na msokoto wake mkubwa, yaani nguvu ya kuvuta, Nm 205, unapatikana baada ya 6,400. Wahandisi waliipanga ipumue vizuri huko juu. Katikati, mapigo ya moshi ndani ya manifoldi, yale mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, na mpangilio wa valvu havikubaliani, silinda hazijai vizuri, na wewe unalihisi hilo mguuni.

Kwa hiyo ukibadilisha silensa ya nyuma peke yake utapata kelele, shimo utabaki nalo. Tiba yake ni manifoldi ya moshi ya umbo tofauti pamoja na kutuni, yaani kupanga upya, kompyuta ya injini. Viwili hivyo vinakwenda pamoja, na mtu wa kutuni awe anaisoma injini hii kwa vipimo akiwa nayo kwenye mashine ya kupima nguvu, si mtu wa kukupakulia faili alilolitoa kwingine. Toyota na Subaru wenyewe walilimaliza jambo hili kwa kuongeza ukubwa wa injini: GR86 iliyotoka 2021 ina lita 2.4 na inatoa Nm 250 kwenye mizunguko 3,700. Ushauri wangu ni kwamba ukae na gari msimu mzima kwanza. Jifunze kushuka gia moja kabla ya kupita lori. Wengi wakizoea hivyo hawalikumbuki tena hilo shimo.

Kabla hujamlaumu fundi, angalia pia unachoweka tangini. Injini hii inabana hewa kwa uwiano wa 12.5 kwa 1, na Japani iliandikiwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vyao huanzia oktani 96 (oktani ni kipimo cha petroli kutojilipukia kabla ya wakati). Ukiipa petroli ya chini, kisikizi kinachosikia injini ikigonga kinaiambia kompyuta ichelewe kuchoma, na kwenye joto letu la Februari gari linakuwa zito. Weka petroli ya oktani ya juu kabisa unayoipata, tena kwenye kituo kinachouza sana, isiyolala kisimani muda mrefu.

Pesa yako ya kwanza iende kwenye matairi. Chuchumaa kando ya gurudumu, tafuta ubavuni herufi DOT na tarakimu nne zinazofunga mstari huo. Ukisoma 3517, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2017. Mengi ya magari haya hufika na matairi ambayo meno yake bado yamesimama lakini mpira umekuwa mgumu, ukiukandamiza kwa ukucha hauachi alama. Kisha pitisha kiganja ndani, upande usioonekana ukiwa umesimama. Kama ukingo wa ndani umelika kuliko wa nje, alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, imekwenda, na ukifunga matairi mapya bila kuirekebisha nayo yataliwa vile vile. Gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Masika inapoanza, maji ya kwanza yakichanganyika na oili na mchanga ulioletwa na upepo juu ya lami ya Casuarina, tairi gumu linateleza hata ukiwa mwendo wa tuktuk. Usizime kidhibiti cha mtelezo barabarani. Kile kitufe cha kukizima ni cha uwanja wa mbio.

Saizi ya kiwandani ni 215/45R17, au 205/55R16 kwa zile za daraja la chini. Ukibahatika kupata ya rimu 16 usione haya kubaki nayo, ule unene wa tairi ni rafiki yako kwenye mashimo. Presha utaikuta kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, imeandikwa kwa kPa. Igawe kwa 6.9 upate psi za geji ya kituoni.

Na tafadhali, usilishushe chini. Najua linapendeza picha zikipigwa ufukweni. Lakini matuta yetu hayana kipimo kimoja, bampa ya mbele ni ndefu, na springi fupi juu ya shokapu za kiwandani huziua mapema. Ukiwa na pesa ya kutengeneza miguu ya gari, nunua shokapu nzuri za urefu ule ule pamoja na bushi mpya, utahisi gari limezaliwa upya. Breki ni pedi nzuri na kubadilisha maji ya breki, basi. Diski kubwa hazikufai kitu kwa safari ya Watamu.

Chumvi ya bahari ni adui wa kimyakimya. Gari linalolala karibu na ufuo lioshwe kwa maji matamu kwa chini pia, hasa kwenye viungo vya ekzosi na nyuma ya madigadi. Taa za nyuma hupata unyevunyevu ndani, ni tabia inayojulikana ya gari hili. Redio ya Kijapani haifiki masafa yetu ya juu ya FM, weka redio nyingine.

Mwisho, kwa wenye gari la miaka ya mwanzo. Mwaka 2018 Toyota na Subaru walitangaza kuyaita magari ya kati ya 2012 na 2013 yarudi kurekebishwa kwa sababu springi za valvu zingeweza kuvunjika na injini kuzimika njiani. Kazi yake ni kubwa, lazima injini itolewe. Chukua namba ya chasisi, inaanza na ZN6 kwa Toyota na ZC6 kwa Subaru, uiingize kwenye tovuti ya Japani ya kampuni husika. Utaona kama gari lako limo, na kama kazi ilishafanyika. Kama haijafanyika na bado hujalilipia, litafute lingine. Kama ni lako tayari, weka akiba ya kazi hiyo kabla ya manifoldi, kabla ya rimu, na usilipandishe revu mpaka juu hadi ifanywe.