Kughairi amri na kikomo cha muda katika PostgreSQL

Kughairi amri ni kuiambia seva ya hifadhidata iache kazi kabla haijaisha. Kikomo cha muda ni kuipa seva agizo hilo mapema: ukipita muda fulani, acha. Watu wengi huchanganya mambo haya na jambo jingine kabisa, yaani programu kuchoka kusubiri. Programu ikiacha kusubiri baada ya sekunde 30, mtumiaji huona ujumbe wa kosa, lakini mara nyingi PostgreSQL, yaani seva yenyewe ya hifadhidata, haijaambiwa chochote. Inaendelea kusoma jedwali na kushikilia kufuli, yaani kizuizi kinachowafanya wengine wasubiri. Mtumiaji akibonyeza tena, amri ya pili inaanza huku ya kwanza bado inakimbia, na hivyo ndivyo seva nyingi zinavyolemewa.

Hata muunganisho ukikatika, kwa kawaida seva hugundua pale tu inapojaribu kutuma majibu, na amri inayopanga mamilioni ya safu (mistari ya jedwali) inaweza kukaa muda mrefu bila kutuma kitu. Tangu toleo la 14 kuna mpangilio wa `client_connection_check_interval` wa kukagua kama mteja, yaani programu iliyojiunga, bado yupo, ila haifanyi kazi mpaka uiwashe.

Ughairi wenyewe hupitia mlango wa pembeni. Programu hufungua muunganisho wa pili na kutuma namba ya mchakato (sehemu ya seva inayohudumia muunganisho wake wa kwanza) pamoja na namba ya siri iliyopewa ilipojiunga. Seva huupelekea mchakato ule ishara ya SIGINT, ambayo ni ombi la mfumo wa uendeshaji la kukatiza kazi. Ishara hiyo hainyongi kazi papo hapo. Inaweka alama tu, na mchakato huikagua kila ufikapo mahali salama. Ndiyo maana fankisheni iliyoandikwa kwa lugha ya C, yenye kitanzi kirefu kisichoita `CHECK_FOR_INTERRUPTS()` (ukaguzi wa alama hiyo), haisikii ughairi wala kikomo. Mambo yakienda sawa, unapata kosa namba 57014, na muamala uliokuwa wazi (kundi la amri zinazokubaliwa au kufutwa pamoja) lazima ufungwe kwa `ROLLBACK`, yaani kufuta mabadiliko yake.

Kwa upande wa seva, kikomo huwekwa kwa `statement_timeout`. Angalia kipimo: `SET statement_timeout = 30` ni milisekunde 30, si sekunde. Andika `'30s'`. Ni afadhali kukiweka kwa kila aina ya mtumiaji, mfano `ALTER ROLE ripoti SET statement_timeout = '5min'`, kuliko kuwabana wote kwenye `postgresql.conf`, faili la mipangilio ya seva nzima. Kisha ipe programu subira ndefu kidogo kuliko ya seva, tuseme sekunde 35 kwa 30, ili seva ndiyo itangulie kusimama.

Kwa `ALTER TABLE`, amri ya kubadili muundo wa jedwali, ongeza `lock_timeout` (kikomo cha kusubiri kufuli) ya sekunde 2 au 3. Amri hiyo ikisubiri kufuli nyuma ya muamala mrefu, hata `SELECT` (amri za kusoma) zinazokuja baadaye hupanga foleni nyuma yake.

Amri ikikwama, itafute kwenye `pg_stat_activity`, orodha ya kazi zinazoendelea, jaribu `pg_cancel_backend(pid)`, ambapo `pid` ni namba ya mchakato, na ikikaidi, `pg_terminate_backend(pid)`, ambayo hukata muunganisho wote. Usitumie `kill -9`, amri ya mfumo wa uendeshaji ya kuua mchakato kwa nguvu, kamwe: seva itafunga miunganisho yote na kuanza upya kwa kujirekebisha.

Na `UPDATE` kubwa iliyoghairiwa huacha safu mfu (nakala zisizotumika tena) ndani ya jedwali mpaka `VACUUM`, kazi ya kusafisha jedwali, ipite. Kwa kazi kama hizo, gawanya mafungu ya safu 5,000 hivi, kila fungu na `COMMIT` (amri ya kuthibitisha mabadiliko) yake. Ukighairi, unapoteza fungu moja tu.