Kichwa cha samaki kwenye boti ya watalii

Wanaokata tiketi ya safari ya boti kutoka Dar kwenda Mto Rufiji huniuliza kama mamba anaweza kuipindua boti. Ninapowanoa waongoza watalii mimi huanza na ndoo ya nahodha. Nikikuta humo vichwa vya samaki vya kumlishia mamba, mengine yote yanasubiri.

Mamba wa Rufiji, Ruvu na Wami huwinda kwa kuvizia, na hujifunza haraka. Ukimtupia chakula palepale mara kwa mara, ataanza kuujia mlio wa injini na watu walioinamia maji. Kesho yake mtalii yuko Masaki anakunywa madafu. Atakayeinamia maji yaleyale ni mama mwenye ndoo, au mvuvi anayevuta wavu. Ndiyo maana Florida, Marekani, kulisha aligeta (jamaa wa mamba) wa porini ni kosa kisheria. Australia, kwenye Mto Adelaide, boti huning'iniza nyama ili mamba waruke na watalii wapige picha. Biashara inalipa, lakini nisingependa kuiona ikifika kwetu.

Lililo gumu zaidi kufundisha ni kukaribia fungu la mchanga. Asubuhi mamba huota jua huku kakenua, na abiria hudhani anatisha. Kumbe anapunguza joto. Kimbilio lake ni maji. Nahodha akikaza boti ukingoni ili simu zipate picha nzuri, amemzibia mlango, na mnyama wa mita nne atapita chini ya boti au kando yake kwa kishindo. Njoo kwa pembeni, mwendo wa injini ukiwa chini, mwachie njia. Msimu wa mayai ni mbaya zaidi: jike akitimuliwa kwenye kiota, kenge hawachelewi kuja kufukua. Bakshishi ndiyo inayoharibu haya yote, maana abiria humlipa vizuri nahodha aliyesogea sana.

Sheria zipo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, wasimamizi ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Mapori ya akiba yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Usalama wa chombo ni wa TASAC, shirika la uwakala wa meli. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kanuni za 2011, zinaruhusu kifuta jasho kwa mali iliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyefariki. Majina yenyewe yanasema: ni pole, si fidia, na hutolewa msiba ukishatokea. Mto nao hauna lango. Mamba aliyezoeshwa chakula hifadhini anaogelea hadi kijijini bila kibali.

Kwa hiyo kabla ya kulipia safari hapo Posta au Kariakoo, uliza mambo mawili: je, kila abiria, watoto pia, ana jaketi okozi la saizi yake? Na je, mamba hulishwa? Wakikujibu kwa fahari kwamba watamfanya aruke, tafuta kampuni nyingine.