Majimoto, nyuki na bomba la dawa: yanayosemwa kwenye mikorosho na yalivyo

"Majimoto ni wakorofi, wachome tu." Kauli hii utaisikia Newala, Masasi hadi Nachingwea, na aliyeng'atwa shingoni akipogolea mkorosho simlaumu. Ukweli ni kwamba majimoto, sisimizi wanaoishi juu ya miti, huwinda mbu wa mikorosho na kunguni wa minazi, wafyonzaji wa machipukizi na korosho changa. Huwafuga vidung'ata pia, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti, ili walambe utamu wao, hilo tusilifiche. Lakini kwa mwenye bomba la dawa wana kazi nyingine: wanampa kipimo cha jinsi dawa yake inavyowagusa wadudu rafiki.

"Mbu wamekufa, dawa imefanya kazi." Hapo umejibu nusu ya swali. Mbu wengine watatoka shamba la jirani, na wakikuta maadui wao wameisha, watastarehe. Zunguka mti, hesabu matawi makuu, kisha yale yenye msafara wa majimoto wakipanda na kushuka. Kama kati ya matawi 8 msafara ulikuwa kwenye 6 kabla ya kupulizia, na wiki moja baadaye umebaki kwenye 2, una la kujiuliza. Tazama na viota. Majimoto hushona majani mabichi kwa hariri ya mabuu yao. Gusa kiota kilicho hai kwa kijiti, watamwagika nje kwa hasira. Kikiwa kimekauka rangi ya ugoro na hatoki hata mmoja, hicho ni gofu.

"Wakipungua, basi ni dawa." Si lazima! Wapo sisimizi wa ardhini wenye vichwa vikubwa, hupigana na majimoto mpaka wakawafukuza mtini. Kwa hiyo hesabu kabla ya kupulizia, na uache mistari kadhaa bila dawa ili uwe na cha kulinganisha.

"Salfa ni unga tu." Ni unga wa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe, sawa, ila umethibitika kuwadhuru nyigu wadogo wa jamii ya Trichogramma, wanaotaga ndani ya mayai ya nondo. Ulaya viuatilifu hupimwa kwa nyigu Aphidius rhopalosiphi na utitiri Typhlodromus pyri, kwa kuwa hao huathirika upesi. Sisi tuna majimoto na nyuki mlangoni.

"Sijaona nyuki aliyekufa chini ya mti." Huenda hakufia hapo. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa waliwabandika nyuki vifaa vidogo vya kuwatambua, wakawalisha thiamethoxam, dawa ya kuua wadudu, kiasi kisichoua papo hapo. Walioshindwa kurudi mzingani walikuwa wengi kuliko wa kundi lisilolishwa dawa. Chavua ya mkorosho inanata, upepo hauibebi vizuri, inahitaji mdudu. Basi msimu wa maua simama mbele ya shada moja asubuhi jua likishapanda, dakika kumi, uhesabu wanaotua. Mjomba wangu ananung'unika kwamba namchelewesha kupulizia, ila siku hizi kabla hajawasha mota huniuliza nimepata wangapi.